Sanamu za nguo na haki ya jina: Ni nani hutajwa kazi ya mikono ya wanawake inapoingia makumbusho?

Mjini Kamembe, makao makuu ya wilaya ya Rusizi katika pembe ya kusini magharibi mwa Rwanda, nguo huvuka mpaka kila siku. Kitambaa ambacho upande huu wa mto Rusizi huitwa igitenge, upande wa pili, mjini Bukavu, huitwa kikwembe. Wanaokibeba, wanaokiuza, wanaokishona na wanaokivaa wengi wao ni wanawake. Kwao nguo ni mtaji na ada ya shule ya watoto. Ni vazi la harusi na la msiba, na mara nyingi ni njia ya kutangaza hali ya mtu bila kufungua kinywa.

Kwa sababu hiyo, mabadiliko yanayotokea katika majumba makubwa ya sanaa duniani yanawahusu wanawake hao kuliko inavyoonekana. Vitu ambavyo kwa miaka mingi viliitwa kazi za mikono tu, yaani mikeka, vikapu, vitambaa vya kudarizi na nguo za magome ya miti, vimeanza kupokewa kama sanamu. Hutundikwa kutoka darini au husimamishwa katikati ya ukumbi, huandikiwa vitabu, na huuzwa kwa bei ambayo hakuna soko la mpakani lililowahi kuijua. Mada yake kubwa ni mwanamke: yeye ni nani, alitoka wapi, na jamii inayomzunguka inageukia wapi.

Hata hivyo, lipo swali ambalo bado halijapata jibu la kuridhisha. Kazi ya namna hiyo inapofika makumbusho, ni jina la nani linaloandikwa ukutani, na ni nani anayelipwa kwa sababu ya jina hilo?

Kutoka kwenye mkeka hadi Venice

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa Uganda. Mwezi Aprili mwaka 2022, nchi hiyo ilishiriki kwa mara ya kwanza, kwa banda lake la taifa, katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice nchini Italia, ambayo wakati huo yalikuwa yakifanyika kwa mara ya 59. Banda hilo lilisimamiwa na Shaheen Merali, na wasanii wake walikuwa wawili: Acaye Kerunen na Collin Sekajugo. Majaji walilitaja kwa heshima ya pekee. Kwa nchi iliyokuwa inaingia kwa mara ya kwanza, hilo halikuwa jambo dogo.

Kazi za Kerunen hazikuwa na jiwe, shaba wala mti uliochongwa. Zilikuwa za nyuzi za migomba, matete, ukindu na nguo ya magome ambayo Waganda huiita lubugo. Msikilizaji wa Rwanda anaifahamu nguo ya aina hiyo kwa jina la impuzu, iliyotengenezwa na wazee wetu kutokana na magome ya mti wa umuvumu. Ufundi wa Waganda wa kutengeneza nguo ya magome ulitambuliwa na shirika la UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu.

Namna anavyofanya kazi ndiyo inayotuhusu hapa. Kerunen huchukua mikeka, vikapu na vipande vilivyosukwa na wanawake wa sehemu mbalimbali za Uganda. Huvifumua, huvikunja, huvishona upya, na kuvigeuza kuwa maumbo makubwa ambayo hayawezi tena kubeba mahindi wala kutandikwa sakafuni. Anayeyatazama hulazimika kuuona ususi wenyewe: fundo, mshono, rangi, na muda uliotumika. Kerunen amekuwa akieleza hadharani kwamba kazi hizo zimepitia mikono mingi na kwamba maarifa yaliyomo ni ya wanawake hao. Kwa hilo anatofautiana na wengi waliomtangulia. Hata hivyo, katika orodha rasmi ya maonyesho kama yale, nafasi ya jina la msanii kwa kawaida hujazwa na jina moja.

Kwa nini nguo ilichelewa kuitwa sanamu

Lugha yetu yenyewe inaweza kutusaidia kuelewa chanzo cha jambo hili. Kwa Kiswahili, anayetengeneza sanamu tumezoea kumwita mchongaji, yaani mtu wa patasi na tezo, na katika Afrika Mashariki kazi hiyo imekuwa kwa desturi ya wanaume. Anayeshika sindano na uzi tunamwita msusi, mfumaji au mshonaji. Maneno hayo hayana kosa, lakini yanaonyesha mpaka uliowekwa zamani: kilichochongwa kilihesabiwa sanaa, kilichosukwa kikahesabiwa chombo cha nyumbani.

Ulaya nako mpaka huo ulikuwepo. Ulianza kutikisika katika miaka ya 1960, pale Magdalena Abakanowicz, msanii wa Poland, alipofuma maumbo makubwa ya katani yaliyoning'inia hewani na kumzunguka mtazamaji pande zote. Maumbo hayo yaliitwa Abakans, neno lililotokana na jina lake la ukoo. Hakuna tena aliyeweza kusema hayana mwenyewe.

Katika kanda yetu, Naomi Wanjiku Gakunga, aliyezaliwa Kenya mwaka 1960, alichukua njia ya pekee. Wakati wa utoto wake, vikundi vya akina mama vijijini vilichanga fedha kidogo kidogo ili kila mmoja aezeke nyumba yake kwa mabati badala ya nyasi. Gakunga huyaacha mabati yapate kutu, huyakata, kisha huyaunganisha kwa waya kama anayesuka kiondo. Bati linageuka kuwa kitambaa. Mwaka 2013 alifanya maonyesho mjini London aliyoyaita Ituika, jina la sherehe ya Wakikuyu ya kizazi kimoja kukabidhi madaraka kwa kizazi kingine. Mabadiliko ya kijamii anayoyazungumzia yalifanywa na wanawake waliochanga, nayo kazi yake inawakumbusha watazamaji hivyo.

Kanga na maana ya jina

Ikiwa kuna watu wanaofahamu kwamba nguo na jina haviachani, ni Waswahili. Kanga ina pindo, ina mji, na ina maneno yake ambayo tangu zamani huitwa jina. Mtu akienda dukani huuliza kanga hii jina lake nini. Mwanamke huchagua jina la kanga kama anavyochagua maneno ya kumwambia mume, jirani au mkwe.

Historia ya kanga inaonyesha pia jinsi vazi linavyoweza kubadilisha nafasi ya mtu. Baada ya utumwa kupigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha kaniki na merikani, nguo zilizowatambulisha kuwa mali ya wengine, wakajifunga kanga za rangi. Waliokuwa wamenyimwa hata haki ya kujifunika kichwa na mabega walivaa kama waungwana. Hakuna sheria iliyowaambia wafanye hivyo. Walijitangaza wenyewe kuwa watu huru kwa kutumia pande mbili za pamba.

Lakini angalia jina lililodumu kwenye vitambaa hivyo. Duka la Kaderdina Hajee Essak mjini Mombasa, lililoanza mwaka 1887, lilichapisha kanga zake kwa alama iliyojulikana pwani nzima: Mali ya Abdulla. Jina la mfanyabiashara lilihifadhiwa kwa zaidi ya karne moja. Wanawake waliotunga misemo, waliochagua rangi na waliorudisha kwa wenye maduka habari za kipi kinapendwa na kipi hakitauzika, hawakuandikwa popote. Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar aliyeshinda Tuzo ya Turner nchini Uingereza mwaka 2017, ameifanya kanga kuwa sehemu ya michoro yake. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Kupitia wasanii kama yeye, mazungumzo ya mwanamke na kitambaa yamefika mahali ambapo zamani hayakusikilizwa.

Agaseke: kikapu kilichobeba nchi

Hapa Rwanda, kazi ya ususi inayojulikana zaidi ni agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka. Husukwa kwa kuzungushia uzi wa katani kwenye kitita chembamba cha majani makavu, duara juu ya duara, kwa msaada wa sindano nene iitwayo uruhindu. Kikapu kimoja kizuri huchukua siku nyingi. Kwa desturi kiliwekwa vitu vya thamani, na bibi harusi alikwenda nacho kwake. Kifuniko chake kilimaanisha kuwa mwanamke anajua kutunza siri za nyumba.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, kikapu hicho kilipewa kazi nyingine. Wajane wa waliouawa na wake za waliofungwa kwa makosa ya mauaji walikaa pamoja na kusuka. Mwaka 2005, kupitia kampuni ya Gahaya Links iliyoanzishwa na dada wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, vikapu hivyo vilianza kuuzwa katika maduka ya Macy's nchini Marekani kwa jina la vikapu vya amani. Maelfu ya wanawake walipata kipato. Tangu mwaka 2001 agaseke imo pia katika nembo ya taifa.

Ususi huo ulikua sambamba na mabadiliko ya sheria. Sheria ya mwaka 1999 iliwapa mabinti haki ya kurithi sawa na ndugu zao wa kiume. Katiba ya mwaka 2003 iliweka kiwango cha angalau asilimia 30 ya wanawake katika vyombo vya maamuzi. Katika uchaguzi wa mwaka 2024, wanawake walipata viti 51 kati ya 80 vya Baraza la Wawakilishi. Mwanamke aliyesuka kikapu mwaka 1990 na yule anayekisuka leo wanatumia uzi uleule, lakini wa leo anaweza kurithi shamba kwa jina lake.

Na bado, kikapu chake kikiingia sokoni, mara nyingi hutajwa nchi, hutajwa kampuni, na husimuliwa habari ya amani. Jina la aliyekisuka, likiwepo, huwa kwenye karatasi ndogo inayotupwa pamoja na kifungashio.

Jina ni fedha

Wapo watakaosema kwamba jina ni fahari tu, na fahari haijazi tumbo. Utaratibu wa soko la sanaa unaonyesha vinginevyo. Chini ya Mkataba wa Berne, hakimiliki hudumu maisha yote ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Picha ya kazi ikichapishwa kwenye kitabu au kwenye kadi za zawadi, anayelipwa ni aliyetajwa kuwa mtunzi. Ufaransa ilianzisha mwaka 1920 haki ya msanii kupata asilimia ya bei kila kazi yake inapouzwa tena, na Umoja wa Ulaya ukaueneza utaratibu huo kwa agizo la mwaka 2001. Kwa hiyo kazi ikinunuliwa leo na kuuzwa tena baada ya miaka 20 kwa bei kubwa zaidi, mwenye jina, au warithi wake, anaweza kurudi mezani. Asiye na jina alimaliza mambo yake siku alipopokea malipo ya kipande.

Ipo kinga nyingine, ile ya jamii nzima. Itifaki ya Swakopmund, iliyopitishwa nchini Namibia mwaka 2010 chini ya shirika la hakimiliki la kanda la ARIPO, inalinda maarifa ya jadi na sanaa za asili, ikiwemo kazi za mikono. Inataka jamii husika iombwe ridhaa kabla ya kazi zake kutumiwa kibiashara, na chanzo kitajwe. Rwanda ni miongoni mwa nchi sita za mwanzo ambazo kuridhia kwao kuliiwezesha itifaki hiyo kuanza kutumika mwaka 2015.

Umuhimu wa kinga hiyo si wa nadharia. Katika miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno kikoy kuwa alama yake ya biashara. Wafanyabiashara na wanaharakati wa Kenya walipinga, na ombi hilo halikufaulu. Lingefaulu, wafumaji wa pwani wangeweza kuzuiwa kuuza kikoi kwa jina la kikoi katika soko la Uingereza.

Kati ya kinga hizo mbili kuna pengo, na msusi yumo humo. Hakimiliki humtazama mtu mmoja mwenye wazo. Itifaki huitazama jamii yenye urithi. Mwanamke aliyesuka kipande mahususi, kwa mpangilio wa rangi aliouchagua yeye, ambacho baadaye kikawa theluthi ya sanamu maarufu, si mtunzi kwa sheria ya kwanza wala si jamii kwa sheria ya pili. Anahesabiwa kama muuzaji wa malighafi, sawa na aliyeuza mkonge.

Hoja za upande wa pili

Haki inadai tusikilize pia hoja za wasanii. Anayefumua mikeka 10 na kuifanya umbo moja ameongeza kitu ambacho hakikuwepo. Ndiye aliyehatarisha fedha zake kununua kazi asiyojua kama itapata mnunuzi. Jumba la sanaa kwa kawaida huchukua takriban nusu ya bei, na bado kuna usafirishaji, bima na ushuru. Si kweli kwamba kila shilingi inayotajwa kwenye magazeti inaingia mfukoni mwake. Tena, bila msanii kulipeleka jina la ususi mbele, huenda mikeka hiyo ingeendelea kuuzwa kando ya barabara kwa bei ya chini.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, hasa hapa mpakani. Si kila mwanamke anataka jina lake lionekane. Mjini Bukavu, wanawake waliotibiwa katika hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2018, hupata pia mafunzo ya ushonaji ili waanze maisha upya. Wengi wao walifanyiwa ukatili wa kingono vitani. Kwa mmoja wao, kuandikwa jina kwenye ukuta wa makumbusho kunaweza kuwa jeraha la pili. Katika kanda ambayo Februari 2025 ilishuhudia mji wa Bukavu ukiangukia mikononi mwa waasi wa M23, kutojulikana wakati mwingine ni usalama.

Hoja hizo haziondoi haki ya jina. Zinaonyesha kwamba ni haki ya kuchagua: mwenyewe aulizwe, na jibu lake, la ndiyo au la hapana, liheshimiwe. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba haulizwi kabisa.

Kamembe inaweza kufanya nini

Mtu anaweza kudhani kwamba mji mdogo wa mpakani hauna sauti katika mambo yanayoamuliwa Venice, London au New York. Lakini mlolongo wa kazi hizi huanzia miji kama huu, na mambo matatu yanaweza kufanyika bila kusubiri mkutano wa kimataifa.

La kwanza ni daftari. Vyama vya ushirika, ambavyo wengi wetu tunaviita koperative, tayari huandika nani alileta vikapu vingapi ili alipwe. Daftari hilohilo likiongezewa picha ya kazi, tarehe, na maelezo mafupi ya mchoro na rangi, linakuwa ushahidi. Simu ya mkononi inatosha kwa kazi hiyo.

La pili ni mkataba wa ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo msusi anaielewa, Kinyarwanda au Kiswahili. Mnunuzi anayetaka kikapu cha kuwekea matunda hana haja nao. Mnunuzi anayetaka vipande 50 vya kuunganisha katika kazi ya sanaa anapaswa kueleza hivyo, kukubali kutaja majina ya wanaoridhia, na kukubali malipo ya ziada kazi ikiuzwa kupita kiwango fulani. Msanii mwenye nia njema hatapungukiwa kitu kwa kuandika yale ambayo tayari anayasema kwa mdomo.

La tatu ni kazi ya serikali. Nchi iliyoridhia Itifaki ya Swakopmund ina wajibu wa kuifikisha kwa wanaolindwa nayo. Ofisi za wilaya zinazosajili biashara ndogo za wanawake zinaweza pia kuwaeleza kwamba kuuza kitu si sawa na kuuza haki ya kukinakili. Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi nchini Rwanda, kinaweza kuibeba elimu hiyo hadi upande wa pili wa mto, kwa sababu mnunuzi na muuzaji wa Kamembe na Bukavu hupatana bei kwa lugha hiyo.

Ni kweli kwamba hatua hizi haziwezi kurekebisha yaliyopita. Makumbusho mengi ya Ulaya yamejaa vikapu na nguo za Maziwa Makuu zilizokusanywa enzi za ukoloni. Vibandiko vyake hutaja eneo, kabila, mwaka, na jina la ofisa au mmisionari aliyevichukua. Aliyesuka hatajwi, na leo hakuna njia ya kumjua. Kazi zinazosukwa sasa hivi mjini Kamembe na Bukavu bado zina wenyewe wanaojulikana, wanaoweza kuulizwa na kujibu. Ni busara kuwauliza kabla kazi zao hazijafungashwa na kuondoka.